Wazee wao hawakupanga foleni

Desemba 2025 Marekani ilipanua orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia huko au wanawekewa masharti, na Tanzania ikawamo, kwa zuio la sehemu lililoanza Januari 1, 2026. Burundi ilikuwa imetangulia tangu Juni. Kabla ya hayo, Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri iliyotiwa saini siku ileile Donald Trump alipoapishwa, na baadaye kiwango cha mwaka wa fedha 2026 kikawekwa kuwa watu 7,500, sehemu kubwa wakikusudiwa kuwa Makaburu wa Afrika Kusini. Linganisha na mwaka wa fedha 2024, ambapo wakimbizi zaidi ya 100,000 walipokewa, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa jingine lolote. Habari hii basi inatuhusu moja kwa moja. Inahusu kambi za Kigoma, za Nakivale kule Uganda na Kakuma kule Kenya. Inahusu mtu aliyefaulu usaili wake na sasa hajui amfuate nani.

Nimefuatilia jinsi jambo hili linavyojadiliwa redioni na kwenye makundi ya WhatsApp, na nasikia tafsiri mbili zikirudiwa. Ya kwanza inasema Marekani imejisaliti: nchi iliyojengwa na wahamiaji, iliyomfungulia mlango kila mnyonge wa dunia, leo imeutia komeo. Ya pili, ambayo hata baadhi ya Waafrika wenzetu waishio huko wanaishabikia, inasema wahamiaji wa zamani walifuata sheria, wakapanga foleni, wakaingia kwa adabu. Wa leo wanaruka ukuta, basi na wafukuzwe. Tafsiri zote mbili zinakosea, na zinakosea mahali pamoja. Mlango ule haukuwahi kuwa wazi kwa kila mtu, na wengi wa walioupita zamani hawakukuta foleni yoyote ya kupanga. Sababu zilizowatoa makwao ni zilezile za leo: njaa, mateso, ukosefu wa ardhi, na barua ya ndugu aliyetangulia. Kilichobadilika ni sheria, na sheria hiyo tangu ilipoanza kuandikwa imekuwa ikitazama mtu katoka wapi kabla ya kuuliza amefanya nini.

Tuanze na kilichowatoa. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi ya Ayalandi, na viazi ndivyo maskini wa huko walivyokula asubuhi, mchana na jioni. Zao likaoza ardhini. Hadi njaa ile inaisha mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wameikimbia nchi, huku nafaka na mifugo vikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya mabwana wenye mashamba na mpangaji alidaiwa kodi hata kama watoto wake wamelala na njaa. Familia ya Kiayalandi ilipomuaga kijana anayekwenda Amerika, ilikesha naye usiku mzima kama watu wanavyokesha msibani, maana walijua hawatamwona tena. Wengi wetu tumeshasimama kwenye uwanja wa ndege tukimsindikiza mtu na mioyo ikiwa katika hali hiyohiyo, ila sisi tuna simu.

Wayahudi wa dola ya Urusi walianza kuondoka kwa wingi baada ya Mfalme Alexander II kuuawa mwaka 1881, pale makundi ya watu yalipovamia mitaa yao, yakapora na kuua, na serikali ikaongeza sheria za kuwabana. Waitalia wa kusini, watu wa Sicilia na Calabria, walisukumwa na vishamba visivyotosha, kodi nzito na malaria. Hawa wa mwisho wanatukumbusha jambo linalosahaulika sana: wengi hawakwenda kuhamia, walikwenda kutafuta. Mwanamume alivuka bahari, akachimba mitaro au akatandaza reli kwa misimu kadhaa, akatuma fedha, kisha akarudi kijijini kununua shamba. Katika baadhi ya miaka, waliorudi walikaribia nusu ya waliokwenda. Mtu huyo tunamjua. Ndiye huyu wa kwetu aliyekwenda Muscat au Dubai kwa mkataba wa miaka miwili, matofali ya nyumba yake yakifyatuliwa kijijini kabla hajamaliza mwaka wa kwanza.

Na huko walikokwenda kulikuwa na mkono unaoita. Sheria ya makazi ya mwaka 1862 ilimgawia mtu ekari 160 akizilima na kuishi juu yake miaka 5, na mgeni aliyetangaza nia ya kuwa raia naye alihesabiwa. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, watu wa asili waliokuwa wakiondolewa kwa bunduki na kwa mikataba iliyovunjwa, lakini mkulima wa Norway aliyesoma tangazo hakuonyeshwa upande huo. Kampuni za reli na za meli zilitangaza hadi vijijini Ulaya. Viwanda vilidai mikono. Na kumbukumbu ya viwanda hivyo imo ndani ya lugha yetu wenyewe: babu zetu walikiita kitambaa kigumu cha pamba merikani, kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Merikani ilifika Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha katika biashara ya misafara. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na kuanzia miaka ya 1840 walioingia kwa wingi kwenye mashine za kufuma za Massachusetts ni haohao Waayalandi waliokimbia njaa. Kabla watu wa bara hawajamwona Mmarekani kwa macho, walikuwa wameshavaa kazi ya mikono hiyo.

Hapo ndipo msemo wa “taifa la wahamiaji” unapoanza kupasuka. Waafrika wapatao 390,000 waliteremshwa katika nchi ambayo leo ni Marekani wakiwa wamefungwa minyororo. Kumwita mtu huyo mhamiaji ni kumwongezea dhuluma. Watu wa asili nao hawakuhamia popote. Wao ndio waliohamishwa. Anayesema Marekani ilimkaribisha kila mtu anawasahau hawa wote kwa pumzi moja, kisha anawasahau Wachina, ambao nitawafikia.

Sasa tuangalie mapokezi. Januari 1, 1892, kituo cha Ellis Island kilifunguliwa katika bandari ya New York, na wa kwanza kuandikishwa alikuwa Annie Moore, binti wa miaka 17 kutoka Cork, Ayalandi, pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Walikuwa wakiwafuata wazazi wao waliotangulia. Hadi kituo kinafungwa mwaka 1954, watu wapatao milioni 12 walikuwa wamepita hapo. Annie Moore hakuwa na viza. Hakuna aliyekuwa nayo. Hapakuwa na fomu ya kujaza ubalozini, ada ya usaili, wala miaka ya kungoja kuitwa. Mtu alinunua tiketi ya meli, au alinunuliwa na kaka aliyeko Boston, akafika, akakaguliwa palepale.

Ukaguzi wenyewe ulitofautiana na mfuko wa mtu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walitazamwa haraka ndani ya meli, wakateremka wakaenda zao. Waliosafiri chini ya sitaha ndio waliopelekwa kisiwani, kila mmoja na kipande cha karatasi chenye namba yake ya orodha ya meli kimebanwa kwenye koti. Walipandishwa ngazi na mizigo yao huku madaktari wakiwaangalia: nani anahema, nani anachechemea, nani ametoa macho kama aliyepotea. Aliyetiliwa shaka aliandikwa herufi kwa chaki kwenye nguo, H kwa moyo, L kwa mguu mbovu, E kwa macho, X kwa akili. Baadaye kope ziligeuzwa nje kwa vidole au kwa kile chuma kilichopinda cha kufungia vifungo vya viatu, ili kutafuta trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, na aliyekutwa nayo alikuwa katika hatari ya kurudishwa kwa meli ileile. Mfikirie mama mwenye watoto watatu, mmoja ana chaki begani. Wakirudi, wanarudi wote, au anachagua wa kumwacha. Kisha yakaja maswali. Sheria ya mwaka 1882 ilimzuia mtu anayeelekea kuwa mzigo kwa umma. Sheria ya mwaka 1885 ilimzuia aliyeahidiwa kazi kwa mkataba kabla ya kufika. Ukiulizwa kama una kazi inayokungoja, ukijibu ndiyo umeingia mtego mmoja, ukijibu huna na mfukoni hakuna kitu umeukaribia mwingine, kwa hiyo waliotangulia waliwafundisha wenzao jibu la katikati: sema una nguvu na uko tayari kwa kazi yoyote, usiseme umeshapata. Pamoja na mateso hayo yote, waliokataliwa walikuwa kama asilimia 2 tu, na kwa walio wengi shughuli nzima ilikwisha kwa saa chache.

Sitaki saa hizo chache zidharauliwe. Ila ziwekwe karibu na kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa nchi ileile. Wachina walikuwa wamejenga sehemu ngumu kuliko zote ya reli ya kuvuka bara, iliyokamilika mwaka 1869, wakipasua mawe ya milima ya Sierra Nevada kwa baruti. Miaka 13 baadaye, mwaka 1882, Kongresi ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia, sheria iliyomtaja mtu kwa taifa lake, na haikufutwa hadi mwaka 1943. Aliyejaribu kuingia kupitia San Francisco kati ya mwaka 1910 na 1940 alipelekwa kisiwa cha Angel Island, akafungiwa katika mabweni ya mbao kwa wiki kadhaa au miezi. Maswali ya huko hayakuwa ya dakika mbili. Aliulizwa nyumba ya baba yake ina ngazi ngapi, kisima cha kijiji kiko upande gani, jirani wa safu ya pili ana watoto wangapi, na majibu yakalinganishwa na ya ndugu aliyeulizwa chumba kingine. Mwana wa kweli aliyesahau idadi ya ngazi angeweza kurudishwa, na mwana wa karatasi, yaani aliyejifanya mtoto wa mtu kwa nyaraka tu, akakariri vizuri, akapita. Waliongoja walichonga mashairi kwenye kuta za mbao, kwa herufi za Kichina, na kuta hizo zipo mpaka leo. Anayejua mashairi ambayo washairi wetu waliyatunga gerezani hatahitaji kuelezwa mtu huchonga vile kwa nini.

Huko huko San Francisco alizaliwa Wong Kim Ark, mwaka 1873, kwa wazazi wa Kichina. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China akazuiwa kuingia katika mji aliozaliwa, akashtaki, na mwaka 1898 Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 6 dhidi ya 2 kwamba ni raia kwa kuzaliwa. Amri ya Januari 2025 iliyotaka kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani ilipopelekwa mahakamani, jina lake ndilo lililorudi midomoni mwa mawakili. Mpishi mmoja aliyeambiwa hana kwao anawabeba watoto wa watu wengi hadi leo, wakiwamo wa kwetu.

Waliovuka lango nao hawakukuta asali. Upande wa chini wa mashariki wa Manhattan familia nzima ililala chumba kimoja, vyumba vya katikati havina dirisha, na mchana palepale pakageuka karakana ya kushona nguo. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto. Milango ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na wakafa watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitalia, baadhi wakijirusha kutoka ghorofa ya 9. Mwaka 1891, New Orleans, umati ulivunja jela ukawaua Waitalia 11 waliotuhumiwa kumuua mkuu wa polisi, ingawa baraza la mahakama lilikuwa limewaona baadhi yao hawana hatia. Waayalandi walikuwa wameshapitia yao: mwaka 1844 makanisa ya Kikatoliki yalichomwa moto Philadelphia, na katika miaka ya 1850 chama kizima cha siasa kilisimama juu ya hoja kwamba Mkatoliki anamtii Papa, kwa hiyo hawezi kuwa Mmarekani wa kweli. Badilisha jina la dini tu na hotuba hizo zinasomeka kama za jana.

Ndipo tunafika mwaka 1924, ambao kwangu ndio kiini cha historia hii yote. Tume ya Kongresi ilikuwa imetoa ripoti ya majuzuu 41 mwaka 1911, ikidai kwamba wahamiaji “wapya” wa kusini na mashariki mwa Ulaya ni wa kiwango cha chini kuliko wale wa zamani. Sheria ya 1924 ikaja na mgawo: kila taifa lipewe asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1890. Kwa nini 1890, ilhali kulikuwa na sensa ya 1920? Kwa sababu mwaka 1890 Waitalia na Wayahudi walikuwa bado wachache. Italia, iliyokuwa ikipeleka watu zaidi ya 200,000 kwa mwaka kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ikabakiwa na nafasi 3,845. Ujerumani ikapata 51,227. Waasia karibu wote wakafungiwa kabisa. Na katika jedwali hilohilo tulikuwamo sisi: Tanganyika chini ya Uingereza, watu 100 kwa mwaka, Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, watu 100. Afrika yote ukiacha Misri iliwekewa nafasi 1,100, zikiwamo nchi zilizotawaliwa na walowezi. Tena walipokokotoa asili ya wakazi wa Marekani kwa ajili ya mgawo wa kudumu, sheria iliagiza kwamba kizazi cha watumwa kisihesabiwe. Mamilioni ya watu wenye asili ya Afrika waliokuwa wamelima nchi ile kwa miaka 300 walifutwa kwenye hesabu ili bara letu lisipate nafasi kupitia kwao. Kwa hiyo tunaposikia orodha ya leo yenye Tanzania na Burundi, tusiseme haijawahi kutokea. Tulishaorodheshwa, karne moja iliyopita, kabla hata hatujawa na pasipoti zetu wenyewe.

Nirudi kwenye hoja ya foleni, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Mzungu wa Ulaya hakuhitaji kungoja ruhusa kokote. Kusema alifuata sheria ni sawa na kumsifu mtu kwa kutovunja kufuli la mlango usio na kufuli. Baada ya 1924, mgawo ulipowabana, Wazungu nao waliingia kinyemela kupitia Canada, Mexico na Cuba. Marekani ilifanya nini na watu waliokuwa ndani bila kumbukumbu? Mwaka 1929 ilipitisha sheria ya usajili: aliyeingia kabla ya Juni 1921, akiwa na tabia njema, alipe dola 20, ahalalishwe. Wengi walionufaika walikuwa watu wa Ulaya na Canada. Yaani mtu alikaa miaka 8 bila karatasi, akasamehewa kwa ada. Sheria hiyo ipo mpaka sasa na tarehe yake imekuwa ikisogezwa mbele, mara ya mwisho mwaka 1986, ilipofikishwa Januari 1, 1972. Hapo imeganda. Anayetaka kuhalalishwa kwa njia hiyo leo lazima awe ameingia zaidi ya nusu karne iliyopita.

Kuna mfano wa karibu zaidi, nao unamgusa kila kijana wetu aliyewahi kupiga picha yenye ukuta mweupe nyuma, masikio yote mawili yakionekana, akajaza bahati nasibu ya Green Card. Nami niliijaza nikiwa chuoni, kwenye chumba cha intaneti kilichojaa watu wa rika langu, kila mmoja akiamini ni lake. Hakuna kati yetu aliyejua bahati nasibu ile ilitoka wapi. Katika miaka ya 1980 uchumi wa Ayalandi uliyumba, na makumi ya maelfu ya vijana wakaenda Boston na New York kama watalii, wakabaki. Walikuwa wahamiaji wasio na karatasi, wakijenga nyumba na kulea watoto wa watu. Wanasiasa wenye asili ya Ayalandi hawakuwaita wavamizi. Waliwatafutia njia: kwanza mpango mdogo wa mwaka 1986, kisha sheria ya mwaka 1990, ambayo katika kipindi cha mpito, 1992 hadi 1994, ilitenga asilimia 40 ya nafasi kwa Waayalandi. Bahati nasibu ya kudumu ilipoanza mwaka 1995, Afrika ikajikuta miongoni mwa wanufaika wakubwa, na hapo ndipo lawama dhidi ya mpango huo zilipozidi kupamba moto. Mlango tulioingilia sisi ulichongwa kwa ajili ya wahamiaji haramu wa Kizungu.

Upande wa wanaotaka udhibiti una hoja nzito pia, na sitaki kuipita kana kwamba haipo. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Tanzania na Kenya zinaitumia haki hiyo kila siku mipakani. Marekani ya 1900 ilikuwa na viwanda vilivyomeza mtu yeyote mwenye mikono miwili, na haikuwa na bima ya afya ya serikali wala ruzuku ya chakula; mgeni alipokwama, kanisa, sinagogi au chama cha watu wa kijiji chake ndicho kilichombeba. Leo mgeni anaingia katika dola yenye huduma zinazolipiwa kodi, na mwenyeji ana haki ya kuuliza gharama. Kadhalika aliyevuka mpaka bila kibali amevunja sheria iliyopo, hata kama babu wa jirani yake hakuwa na sheria ya kuvunja. Nayakubali haya. Hata hivyo hayaelezi kinachofanyika sasa. Kama kigezo ni kazi, viwanda vya nyama vya Iowa na nyumba za kulelea wazee bado vinatafuta watu, na Wakongo wamekuwa wakizijaza nafasi hizo kuanzia wiki za mwanzo, kwa kuwa msaada wa awali wa mkimbizi ni wa siku 90 tu na nauli ya ndege aliyokuja nayo ni mkopo anaopaswa kuulipa. Kama kigezo ni kufuata utaratibu, basi wa kwanza kukaribishwa wangekuwa wakimbizi.

Maana foleni ya kweli, yenye namba na tarehe, ni hii yao. Kwa utaratibu uliokuwapo hadi mpango uliposimamishwa, kwa kawaida mkimbizi haombi Marekani mwenyewe. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa ndilo linalomteua. Anahojiwa na shirika, anahojiwa tena na ofisi inayoandaa faili, anahojiwa na maofisa wa Marekani wanaosafiri hadi kambini, anachukuliwa alama za vidole, anapimwa kifua kikuu, na kila kipimo kina tarehe ya kuisha, kwa hiyo kimoja kikichelewa vingine vinarudiwa. Wapo waliokaa humo miaka na miaka. Siku ya kuondoka anapewa ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, nyaraka zote ndani, auonyeshe kila uwanja wa ndege atakakopita asijepotea, kama karatasi iliyobanwa kwenye koti la abiria wa Ellis Island. Mapema mwaka 2025 nilizungumza kwa simu na baba mmoja, mtu wa Fizi, Kivu Kusini, anayeishi katika kambi moja mkoani Kigoma. Tarehe yao ya ndege ilikuwa imeshatolewa, nao wakawa wamegawa masufuria, godoro na baiskeli kwa majirani, kama ilivyo desturi ya anayehama. Safari ikafutwa. “Mwalimu,” aliniambia, “mke wangu amepita nyumba kwa nyumba kuomba masufuria yake mwenyewe.”

Ndiyo maana naona hatari kwetu iko mahali tofauti na pale mjadala unapopaelekeza. Tukikubali kwamba Marekani imejisaliti tu, tutangoja irudie utu wake, na historia inaonyesha kungoja huko kunaweza kuchukua miaka 41, kuanzia mgawo wa 1924 hadi sheria ya 1965 iliyoufuta. Tukikubali kwamba wa zamani walikuwa watiifu na wa leo ni wahalifu, tutamtazama Mkongo au Mrundi aliyeko kwetu kwa jicho hilohilo, na tayari lugha hiyo naisikia Kigoma: wanaleta uhalifu, wanamaliza kuni, warudi kwao. Njia ya kwenda Amerika ilikuwa kipumuo kwa nchi za Afrika Mashariki. Kila familia iliyoondoka ilituondolea swali la kuifanyia nini. Sasa swali limebaki mikononi mwetu, na jibu tunalo katika rekodi yetu wenyewe. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walilima Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30, na hatimaye Tanzania ikawapa uraia zaidi ya watu 162,000 kati yao. Mwaka uleule ambao sheria ya usajili ya Marekani imeganda, sisi tuliuvuka, na nchi haikuanguka.

Waliokuja baadaye hawajapata mlango huo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo sasa ana miaka ipatayo 30, anaongea Kiswahili kama wewe na mimi, pengine ana watoto wake, na bado anahitaji kibali ili atoke nje ya kambi kwenda sokoni Kasulu.